Rangi ya Mlango Wetu kwenye Kompyuta ya Katana

Makadara, Mombasa

Dada yangu Somoe,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zikukute bado u wa kwetu, hujachukuliwa na yule bwana mwenye masikio makubwa. Hujambo? Goti la Mama laendeleaje? Na paka wangu, bado ananitafuta au keshahamia kwa jirani mwenye samaki? Mimi ni mzima, nimenenepa, nimependeza. Wasichana wanaokula viazi karai pale Mama Ngina wakiniona pale ufukoni huacha kutafuna. Usicheke.

Najua ulinipigia simu na sikushika. Si kiburi. Ungeniuliza, "Athmani, waja au huji?" na jawabu sikuwa nalo. Halafu ungempa Mama simu, nami nikisikia sauti yake hapa ofisini ningelia, Katana mwenzangu wa kazi apate la kunicheka. Basi naandika, barua nimpe Mwalimu Bakari anayesafiri kesho kuja huko Faza.

Tangu Baba atutoke, wa kukuozesha ni mimi. Ami Omari anaweza kukaa mahali pangu, lakini wewe ulisema, "Mkono utakaomshika bwana arusi nataka uwe wako." Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Sasa sikiliza lililonipata, na usimsomee Mama yote.

Tajiri wetu ni Bwana Karim, Mhindi mwenye duka la vitambaa. Ghorofani juu ya duka, mimi na Katana, Mgiriama wa Kaloleni aliyemaliza chuo kikuu, tunamtengenezea programu ya kuhesabia bidhaa za madukani. Ndiyo, mimi niliyeiaga shule kidato cha pili! Kazi tunaiweka kwenye ghala moja la mtandaoni: nikiandika naweka, Katana anachukua; akiandika yeye, nachukua mimi.

Lakini ile programu tunayoandikia kazi huweka mapendeleo ya kila mtu kwenye folda yake: rangi, ukubwa wa herufi, kitufe cha kuanzishia kazi, na mahali kazi ilipo ndani ya kompyuta yake. Yangu nimeipa kijani cha mlango wetu. Herufi nimezikuza kwa ajili ya Mama, nikimwonyesha kwa simu azione, aseme, "Mashallah, mangapi haya!" Na kazi yote iko kwenye folda niliyoiita kwa-mama. Ndivyo nilivyo, wanijua.

Basi kwa ujuzi wangu mwingi nikaitia folda ile ya mapendeleo ghalani pamoja na kazi. Asubuhi Katana akachukua kazi mpya, mara nikasikia, "We Athmani! Mbona kompyuta yangu imekuwa kijani? Na herufi hizi ni za bango la soda?" Nilicheka mpaka nikashika meza. Kicheko kilikatika Bwana Karim alipopanda ngazi, jasho likimtiririka. Alikuwa ametoka kwa mwenye duka mmoja wa Mji wa Kale, mteja wetu mkubwa, kumwonyesha programu kwa kompyuta yake mwenyewe, iliyochukua kazi ghalani asubuhi ile. Kubonyeza kitufe cha kuanzisha, imegoma. Inatafuta folda ya kwa-mama.

"Kwa mama nani?" akaniuliza. "Mteja ananiuliza mama yangu ameingiaje kwenye hesabu zake!"

Nikamwonyesha folda yangu, jina akalisoma mwenyewe.

"Likizo yako ya arusi," akasema, "mteja akiikubali programu, utakwenda. Asipokubali, hatoki mtu hapa."

Jioni ile nilipita kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari makusudi. Wapiga debe wa mabasi ya kuja huko kwetu wanaita, "Mokowe! Mokowe!" nami nimesimama kama mtu aliyepotelewa na mzigo. Mmoja akanishika mkono. "Twende, kijana, siti ya dirishani." Nikamwambia, "Kaka, niache, nitakufuata kweli."

Kesho yake tukagombana. Katana akasema folda hizo zisiingie ghalani hata moja, kila mtu abaki na zake.

"Na mgeni atakayekuja?" nikamjibu. "Mimi nilipoanza nilihangaika kutwa, sijui programu inaanzishwaje, nawe wanywa chai waniangalia. Kitufe kikiwa tayari ghalani, mtu abonyeza tu."

"Kitufe cha kwa mama?"

Tukanuniana mpaka Ijumaa. Baada ya sala, kutoka nyumbani kwa Bwana Karim huletwa sinia la biriani, tukala watatu pamoja. Nikamwaga pilipili mbele yangu, kama kawaida. Katana akasema, "Mbona hunimwagii na upande wangu, kama ulivyozoea?"

Bwana Karim alipaliwa na wali. Nami sikukubali. "Na wewe wataka kila mtu apike na sufuria yake, hata chumvi tusichangie!"

Bwana Karim akafuta machozi. "Basi chumvi chunguni, pilipili mbele ya mwenyewe. Naweni mikono mkafanye kazi."

Tukakaa bega kwa bega. Kitufe cha kuanzisha kikabaki ghalani, maana kinamfaa kila mtu, ila tuliondoa jina la kwa-mama ndani yake, kikaweza kuitafuta kazi popote ilipo. Rangi, herufi na mambo ya kompyuta ya mtu tukaliamrisha ghala lisiyapokee tena. Kisha Katana akafuta kazi yote kwenye kompyuta yake, akaichukua upya kama mgeni, akabonyeza. Ikafunguka.

Leo Bwana Karim amerudi kwa mteja. Nakuandikia huku namngoja. Namsikia kwenye ngazi. Subiri.

Nimerudi, samehe mwandiko, naandika kwa haraka. Mteja amekubali! Nikauliza, "Na mimi?" Akasema, "Nenda kamuozeshe dada yako. Na ghala usiliguse ukitoka." Katana auliza kama kutakuwa na biriani. Nimemwambia ipo, pilipili aje na yake.

Nisalimie Mama, umshike goti kwa niaba yangu. Nisalimie Bibi mwenye tambuu, na shangazi anayesema sitaoa. Ami Omari mwambie kwa adabu zote: kanzu aipige pasi, lakini mahali pale mbele ya kadhi apaache wazi.

Kijani sasa kimebaki kwenye kompyuta yangu peke yake. Nakitazama na sina hakika tena kama ndicho, au mlango umekwisha kupauka. Najua mwaka huu mtapaka nyumba rangi kwa ajili ya arusi. Kuta pakeni. Mlango msiuguse mpaka nifike niugonge.

Ni mimi, ndugu yako wa pekee, walii wako mzuri kuliko bwana arusi,

Athmani