Hadijah wa Sinema ya Malaba

Malaba, 9 Machi 1975

Mjomba Edris,

Assalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, ila mama goti linamsumbua mvua ikikaribia. Wewe je, kifua kimepoa?

Najua utashangaa kupata barua yangu. Kwa kuwa nililelewa Mumias kwa watu wa baba, tumeonana mara mbili tu. Sasa nimerudi Malaba kwa mama, nafundisha darasa la nne. Upepo ulibeba mabati ya darasa letu mwezi uliopita, tukahamia jengo la kuwekea mahindi, kule karibu na reli. Mjomba, jengo hili lina mambo. Madirisha hakuna, tunafungua milango yote ndiyo tuone ubao. Sakafu imeinama, chaki ikianguka inabingirika mpaka mbele. Na juu kabisa ya ukuta wa nyuma kuna matundu mawili ya mraba. Watoto wananiuliza ni ya nini, nami nikaenda kuuliza.

Mzee Egwang, mlinzi wetu, alicheka. "Muulize mjomba wako. Ndiye alikuwa anachungulia hapo."

Nikamuuliza mama. Akasema, "Hiyo ni nyumba ya mahindi," akashika ndoo kwenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Ni kweli, mjomba?

Mpwa wako,
Shamsa

Busia, 20 Machi 1975

Mpwa wangu Shamsa,

Waaleikum salaam. Kifua kimetulia, alhamdulillah. Mama yako akande goti kwa maji moto ya chumvi, lakini usimwambie ni mimi nimesema.

Ni kweli. Hiyo ilikuwa sinema. Mhindi mmoja wa Tororo aliijenga mwaka 1957, na mimi ndiye nilikuwa naendesha mashine. Tundu la kushoto ni la mwanga, la kulia la jicho langu. Sakafu imeinama ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Jumamosi watu walivuka boda kutoka Uganda kwa baiskeli. Wengine walitoka Angurai kwa miguu, viatu mkononi, wakavivaa mlangoni.

Lakini hawakufuata mashine yangu. Walimfuata mama yako. Picha nyingi zilikuwa za Kihindi, na Hadijah alisimama kando ya kitambaa cha picha akiwaambia watu kwa Kiswahili na Kiteso kila kilichosemwa. Siku moja nikamuuliza, "Dada, Kihindi ulijifunza wapi?" Akasema, "Nani amekwambia nakijua?" Shamsa, hakujua hata neno! Alitazama nyuso zao tu, akawapa maneno. Mhindi mwenyewe alikuwa anakaa anasikiliza, anasema ya Hadijah ni matamu kuliko ya picha. Nimeona askari wa forodha akilia mpaka kofia ikamwanguka.

Mjomba wako,
Edris

Malaba, 5 Aprili 1975

Mjomba,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Goti limepungua, maji ya chumvi yamesaidia, na sijasema.

Mama yangu? Huyu ambaye siku nzima hamalizi maneno kumi? Jana nilimwambia, "Mama, nasikia ulikuwa unajua Kihindi." Alicheka mpaka akaketi chini. Sikujua ana kicheko kama kile. Nikaona mlango umefunguka, nikauliza sinema ilifungwa kwa nini. Uso ukabadilika. "Muulize mwenye gari," akasema, basi.

Gari gani, mjomba?

Mpwa wako,
Shamsa

Malaba, 14 Juni 1975

Mjomba,

U mzima kweli? Miezi miwili kimya. Bwire wa posta ameniapia kwamba barua za Busia hazipotei. Kama nimekukosea, niambie.

Shamsa

Busia, 2 Agosti 1975

Mpwa wangu,

Ni mzima, na hujanikosea. Mwenye gari ni mimi.

Mwaka 1971 mambo ya Uganda yalichafuka, watu wa Tororo wakaacha kuvuka. Tukawa tunavionyesha picha viti vitupu. Wakati huo kampuni moja ya sabuni ilikuwa na gari la sinema linalozunguka vijijini, picha bure, katikati wanatangaza sabuni. Wakanitaka, nikakubali. Kumwambia dada, nilisema kesho, na kesho ikawa kila siku.

Nilianzia Matayos, kisha Namboboto. Jumamosi ya tatu wakanipeleka uwanja wa mpira wa Malaba, karibu kabisa na sinema. Nikatundika kitambaa, nikawasha jenereta, Malaba yote ikaja. Nikamwona mama yako ametoka kwenye ukumbi mtupu, amesimama nyuma ya watu. Hakunisemesha, wala hajanisemesha tena. Baada ya miezi miwili Mhindi alifunga mlango.

Gari nalo halikudumu. Kampuni iliona redio inafika mbali zaidi. Sasa natengeneza redio hapa sokoni.

Msomee mama yako, akikubali.

Mjomba wako,
Edris

Malaba, 16 Agosti 1975

Mjomba,

Salamu. Sisi ni wazima.

Nilimsomea jana alasiri, akichambua kunde. Alitaka nirudie mahali pa uwanja. Kisha akasema hivi, nami naandika kama alivyosema:

"Amesahau kitu. Watu waliponiona waligeuka, wakaita, 'Hadijah, wanasema nini?' Picha ilikuwa ya Kiingereza. Nikafungua mdomo, nikaanza. Mara sauti ya spika ya gari ikapanda, ikanimeza. Nikaanza tena, ikapanda tena. Watu wakarudisha nyuso kwenye kitambaa. Sinema ingekufa tu, hata mimi niliona. Na mtu kutafuta kazi si kosa. Lakini ile spika, muulize, ilipanda yenyewe?"

Hakuendelea na kunde tena. Nami nauliza kama alivyonituma.

Mpwa wako,
Shamsa

Busia, 20 Agosti 1975

Mpwa wangu Shamsa,

Haikupanda yenyewe.

Mkubwa wa kampuni ya sabuni alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Aliposikia watu wanaita, aliniuliza, "Yule mwanamke anayetuharibia tangazo ni nani?" Nikamwambia, "Simjui." Mkono wangu ukazungusha kitufe cha sauti. Mara mbili.

Hii usimsomee. Jumapili nakuja kwa basi la kwanza. Nataka alisikie jambo hili kwa mdomo wangu, na kama ni kunifukuza, anifukuze nikiwa mbele yake.

Mjomba wako,
Edris