Mutoto Aliyefia Njiani

Kalemie, 9 Februari 2024

Mudogo wangu Mireille,

Amani ya Bwana iwe nawe. Habari ya afya? Kifua kimepona? Na bwana yako Gérard, wanafunzi hawamchoshi? Sisi huku tunaishi kwa neema, presha tu njo inanisumbua.

Tuko wamama kumi na wawili, tunatafuta pikipiki ya magurudumu matatu ya kupeleka wajawazito hospitali. Mwenye nacho atalipa, asiye nacho tutambeba bure. Kuna shindano: unasimama ukumbini dakika tano, unaeleza kazi yako, watu wanapiga kura, mshindi anapewa mtaji. Mwalimu anayetutayarisha kwa shindano ananiambia, “Mama Victorine, unaeleza vizuri, lakini hakuna anayelia. Leta kisa.” Nikawaza kile chako. Jina sitataja. Unaniruhusu? Barua nampa Papa Onésime wa gari la moshi, maana simu yako haiingii.

Yaya wako,
Victorine

Kongolo, 26 Februari 2024

Yaya Victorine, dada yangu,

Salamu nyingi. Kifua kimepoa, Mungu asifiwe. Dawa ya presha unameza, ao unaisahau kama kawaida yako?

Yaya, hapana. Mutoto wangu yule alifia njiani kwenda hospitali, mikononi mwangu, nikiwa na miaka kumi na saba, na mama alituapisha tusiseme. Gérard hajui. Miaka kumi na nne hatuna mutoto, ndugu zake wananiita tasa, nami nanyamaza. Wakijua nilishazaa, aibu yote itamgeukia yeye. Na huyu mwanaume hajanisema vibaya hata siku moja. Tafuta kisa kingine. Nakuombea ushinde.

Mudogo wako,
Mireille

Kalemie, 2 Mei 2024

Mudogo wangu mpenzi,

Hujambo? Na bwana yako? Tumeshinda! Watu walisimama kupiga makofi. Pikipiki imefika, padri ameibariki. Juzi ilimbeba Arlette, mke wa fundi baiskeli, akajifungua salama mutoto wa kike. Nakutumia kitenge, uvae Pentekoste. Mengine tutaongea tukionana.

Yaya wako

Kongolo, 30 Mei 2024

Victorine,

Mimi ni mzima. Kitenge nakirudisha.

Shemeji Serge alipata video ya shindano lako kwenye simu yake. Mama mukwe aliitazamia uani, pamoja na majirani. Ulisema “mudogo wangu aliyeolewa Kongolo.” Una wadogo wangapi, wewe? Mama mukwe alicheka kwanza: “Kumbe huyu alishazaa!” Halafu kicheko kikakatika, akamwangalia mwanawe Gérard. Jirani mmoja akauliza, “Basi mwalimu, kosa ni la nani?”

Gérard hakunipiga. Alisema tu, “Miaka yote hii uliniacha nimuombe Mungu akufungue wewe.” Sasa analala shuleni.

Uliniomba ruhusa, nikakujibu.

Mireille

Kalemie, 23 Juni 2024

Mudogo wangu,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu yangu. Unakula? Unalala?

Sitasema barua yako ilichelewa. Siku ile ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilianza kueleza habari ya pikipiki, watu wakaanza kuongea wao kwa wao. Mama Rebecca aliyenitangulia alikuwa ameshawaliza. Nikaona wenzangu kumi na mmoja wananitazama, kisa kikanitoka. Niliwaza Mungu atafunika. Watu walilia, mudogo wangu, nami nikafurahi kuona wanalia. Hiyo njo dhambi yangu. Nimeungama, padri amenisamehe, lakini padri si wewe.

Kuna baya zaidi, afadhali ulisikie kwangu. Watu wa shindano wanataka nirudie kisa kule Lubumbashi, nije nawe, nauli watalipa. Ndipo watatoa pikipiki ya pili. Nimekataa. Wamama wamenuna: “Umeshasema mara moja, ya pili itamuumiza nani?” Basi wamemchagua mwenzetu Evodie aende badala yangu. Kisa amekishika chote, hata lile neno ulilomwambia mutoto akiwa anakata roho. Nikamwambia, “Evodie, hicho kisa si chako.” Akanijibu, “Wala si chako, Mama Victorine.”

Nataka kuja Kongolo nimpigie Gérard magoti, nimwambie ni mimi niliyekosa. Safari hii sitafanya kitu bila neno lako. Naomba unijibu upesi.

Yaya wako,
Victorine