Springi Mpya za Gari la Baba

Jumatatu, 5 Mei

Oili ya pikapu mbili. Breki za basi dogo la shule. Klachi ya lori la mihogo, haijaisha. Mpini wa kisanduku cha spana umeachia tena, nimekibeba kwapani kama mtoto.

Saa nane kakangu Owor akapiga simu kutoka Tororo. Lumbe ya baba imepangwa Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani kwetu Paya. Ndiyo sherehe ya kumaliza matanga, haiahirishwi. Gari la baba litawabeba jamaa kutoka Tororo. Ila mimi nisipande. Shangazi Nyaketcho amesema nikipanda litakwama tena.

Nilikaza nati ya gurudumu la mteja mpaka nikaikata. Hasira mbaya.

Jumanne, 6 Mei

Niandike yote, nisizungukezunguke. Novemba iliyopita tulikuwa tunampeleka baba nyumbani kuzikwa, ndani ya gari lake mwenyewe. Jeneza nyuma, watu kumi na mmoja. Kwenye kinamasi kabla ya Paya gari likalala tumbo kwenye matope. Tulisukuma, tukaweka matawi, wapi. Na kwetu jeneza likikwama njiani watu hawaangalii matairi. Wanauliza marehemu ana kinyongo na nani. Shangazi alipiga magoti kwenye maji akambembeleza kaka yake akubali kwenda. Kisha akaninyooshea kidole mimi. Baba alibebwa mabegani mpaka nyumbani. Kaburini nilisimama nyuma kabisa. Sikuruhusiwa hata kutupa udongo.

Sababu wanayo. Nilikuwa fundi kwenye gereji ya baba miaka kumi na miwili, halafu nikahama nikafungua gereji yangu hapahapa Busia, ng'ambo ya barabara na yake, tunatazamana. Alikuwa na tabia ya kufunga springi zilizovunjika kwa mpira wa tyubu. Siku moja nikamwambia mbele ya mteja: mzee, mpira si chuma. Hakunisamehe. Amekufa hatujasalimiana miezi minne.

Lakini kukwama ni kukwama. Gari lilikuwa limekaa chini, mzigo ulikuwa mkubwa. Nimemwambia Owor alilete, niliinue. Nitapita palepale, mimi kwenye usukani, na mzigo uleule. Nikikwama sitakanyaga tena Paya. Owor alisita. Shangazi amekubali bila hata kumeza mate.

Alhamisi, 8 Mei

Limefika. Landikruza la mzee, rangi imebabuka, kiti chake bado kina shimo alipokuwa akikaa. Sikukaa hapo. Nimepima kutoka tairi hadi ukingo wa bodi. Nyuma kushoto limelala vidole vinne kuliko kulia.

Nimevuka kwenda kwa Barasa, anayeuza springi upande wa Kenya. Nikamwambia nataka mabamba yaliyopinda zaidi, shokapu ndefu, na vishikio virefu vya springi. "Sister, unataka gari ama unataka ghorofa?" Nikamwambia nataka heshima, kama anayo aifunge kwa gazeti. Akacheka, lakini alinichagulia seti nzuri. Zimevuka mpaka kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mmoja wa wale walemavu wanaobeba mizigo pale. Alilalamika njia nzima kwamba nimempakia reli.

Ijumaa, 9 Mei

Gari liko juu ya stendi. Nati za nyuma zimekula kutu. Nimemwagia oili, nimepiga nyundo, nimetukana kwa Kidhopadhola na kwa Kiswahili. Hazijatoka. Kifundo cha mkono kimevimba.

Jumamosi, 10 Mei

Zimetoka.

Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imefunikwa na matope ya Novemba, makavu kama tofali. Nikayakwangua. Chini ya matope, mpira wa tyubu. Umezungushwa na kuzungushwa, fundo mara tatu, ncha imefichwa ndani. Nilijua ni la nani kabla sijaligusa. Nikaukata mpira upande wa pili wa fundo. Bamba la juu, lile refu linalobeba mengine yote, likaanguka vipande viwili kifuani mwangu.

Basi ni hilo. Springi ya kushoto ilivunjika, akaifunga mwenyewe, akaacha hivyo. Halafu tukampakia ndani yake na watu kumi na mmoja.

Nilicheka chini ya gari peke yangu. Kisha nikalia. Mteja akainama kuuliza kama nimeumia, nikamwambia ni kutu imeingia machoni.

Jumapili, 11 Mei

Sikwenda kanisani. Mpira uko mezani, nautazama.

Naweza kuupeleka kwa shangazi kesho. Fundo lile hata yeye analijua, baba alifunga nalo mpaka mlango wa banda la kuku wake. Mambo yangeisha. Lakini kutoka hapa mpaka Molo ya Tororo watu bado wananiita binti wa Fundi Okumu, na wanaleta magari yao kwa jina hilo. Nikiutoa huu mpira, watasema fundi alijikwamisha mwenyewe njiani akienda kuzikwa. Watacheka. Hadithi hiyo haitakufa milele.

Nilimwaibisha mara moja, mbele ya mtu mmoja, na nimeilipia. Sirudii. Nimeutia kisandukuni, chini ya spana. Tutashinda kwa springi au tushindwe.

Jumanne, 13 Mei

Springi mpya ziko ndani, zote nne. Shokapu ndefu. Bomba la mpira la breki nimelibadilisha, maana la zamani lingevutika likakatika gari likining'inia. Nilikaza kila kitu kwa haraka, nikashusha jeki.

Likasimama. Mama yangu. Limepanda kiganja kizima na kushoto kunalingana na kulia. Nililizunguka mara tatu kama mtu aliyenunua fahali. Mafundi wa jirani walikuja, wakatazama, wakainama kuchungulia chini. Nimelala na tabasamu.

Jumatano, 14 Mei

Aibu tupu. Nimelijaribu mpaka Busitema na kurudi. Gumu kama benchi la kanisa. Kila shimo linanirusha kichwa kwenye paa, na chini linalia kama nguruwe. Nilipochungulia, bushi mbili mpya, zile raba za maungio ya springi, zimeshapasuka.

Nikampigia Barasa nimgombeze kwa springi zake mbovu. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza taratibu: "Wakati unakaza, gari ilikuwa juu ama chini?"

Ilikuwa juu. Magurudumu yananing'inia. Uzito uliposhuka bushi zote zikajinyonga. Hili baba alinifundisha wiki ya kwanza, hata spana sijui kushika: gari lisimame kwa miguu yake ndipo ukaze. Nimewafundisha hata wengine. Na mimi, fundi wa kumrekebisha baba yangu mbele ya watu, nimelisahau. Haraka haraka, na baraka ikapita pembeni. Nimebakiwa na siku mbili.

Alhamisi, 15 Mei

Alfajiri kwa Barasa kuchukua bushi. Alinipa bila kunitania, jambo lililonitisha.

Nimelegeza zote, nimetia bushi mpya, nimelishusha chini. Nikawaita mafundi wa jirani wanane wakae nyuma, wazito kwanza. Nikaingia chini na kukaza boliti moja moja, wao juu wanapiga soga na kuniuliza kama nimeshakufa. Nilipofika ya mwisho nikasema kwa sauti, asante mzee. Wote walisikia. Hakuna aliyecheka.

Jioni nikalipeleka tena Busitema. Linaelea. Chai ningeweza kunywa humo ndani.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeshinda.

Niandike vizuri. Mvua tangu alfajiri. Tororo tulipakia watu kumi na mmoja, kama siku ile. Mahali pa jeneza tukaweka mifuko ya saruji ya kumalizia kaburi, magunia mawili ya mchele na masufuria. Mzigo ulizidi ule wa Novemba. Shangazi alikaa mbele kando yangu, rozari mkononi, hajanisalimu. Nikakaa kwenye shimo la kiti cha baba.

Kinamasini tukakuta pikapu mbili zimezama, wenyewe wamesimama kandokando wamevua viatu. Owor akasema tusubiri maji yapungue. Nikasema hapana. Nikatia gia ndogo, magurudumu manne, nikaingia polepole. Maji yakapanda mpaka kwenye kikanyagio. Katikati, palepale, likainama kushoto. Shangazi akanishika goti kwa nguvu, kucha zikaingia. Nikasikia springi ikibonyea, ikibonyea, kisha ikasukuma. Likainuka. Sikuondoa mguu. Tukatoka upande wa pili tukiwa wakavu, na wanawake nyuma wakapiga vigelegele mpaka masufuria yakalia. Mimi nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo.

Nikageuka, nikaingia tena. Nikavuta pikapu ya kwanza. Nikavuta ya pili. Hapakuwa na haja ya kumwonyesha mtu tena. Nilitaka tu.

Shangazi alikuwa analia. "Kaka yangu amekubali," akasema. "Amekusamehe, Athieno." Nikafungua mdomo nimwambie ni mabamba mapya na bushi. Nikaufunga. Aseme hivyo. Mimi ninajua ninachojua, na labda hata yeye hajakosea sana.

Kaburini wazee walichanganya saruji. Shangazi akachukua mwiko wa kwanza, akapita mbele ya Owor, akapita mbele ya wote, akanipa mimi. Nililainisha pale kichwani. Nilifanya kazi safi. Baba angeangalia kona kwanza, na kona ziko sawa.

Jumatatu, 19 Mei

Oili. Breki. Mvua imekatika.

Mtu wa Molo ameleta pikapu, bamba moja limevunjika. Akaniomba nilifunge kwa mpira kwanza, siku ya soko ipite. Mzee wako alikuwa akinifungia, akasema, na hakuniangusha hata siku moja. Nikamwambia alikuwa na mkono mzuri, mimi sina. Atasubiri springi mpaka kesho.

Jioni nikatoa mpira wa baba chini ya spana. Nimefunga nao mpini wa kisanduku. Fundo mara tatu, ncha ndani. Vidole vilikwenda vyenyewe. Nimekibeba mpaka nyumbani kwa mkono mmoja. Kesho klachi ya lori la mihogo.