Termometre Iliyokataa Mia

Lundi, tarehe 4, mwezi wa tano

Binti yangu Furaha njo wa kwanza! Wa kwanza kwa fizike, vijana wote iko nyuma yake. Mwalimu Safari amesema mbele ya klasi nzima. Nimeandika hii kwanza, mbele ya kunawa, udongo wa viazi ungali kwenye kucha.

Nililima toka asubuhi. Mvua ikatupata juu ya mulima. Mugongo unaniuma.

Egzame, mutihani ya kumaliza mwaka wa nane, iko mwezi kesho. Akipita vizuri, wanamupeleka seksio ya sayansi. Asipopita, Koko, mama ya mume wangu, amekwisha kusema: jembe inamungoja. Mimi niliishia mwaka wa sita. Lakini njo mimi ninamushikia kitabu. Ninamuuliza tukichambua maharage. Vitu iko na hali ngapi? Tatu: kigumu, majimaji, mvuke. Masse na poids ni kitu kimoja? Hapana, Mama. Masse, wingi wa kitu chenyewe, haibadilike. Poids ni vile dunia inakuvuta.

Leo dunia imenivuta sana.

Mardi, tarehe 5

Nimesema kwenye robine, pale tunapoteka maji. Wamama wote wamesikia. Mama Espe, mwenye kijana katika klasi moja na Furaha, alifunga bidon yake ya maji, akaondoka. Niliona vizuri. Ninajivuna? Ndiyo. Tumbo iliyomuzaa ni yangu.

Kesho watapima maji ya moto. Shule imepata termometre, ya kwanza toka ijengwe. Wazazi walichanga, ikatoka Goma kwa pikipiki, imefungwa ndani ya nguo kama mutoto muchanga. Atakayeishika ni Furaha, kwa sababu ya ile nafasi yake. Nimepiga pasi uniforme yake, mikunjo inaweza kukata muntu.

Maharage tena imenishinda. Niliitia kwenye moto asubuhi, jua ikazama, yenyewe bado ngumu. Koko alipita, akafunua chungu, akacheka.

"Muke wa Walikale! Wewe ni wa ndizi na nyama ya pori. Kuwasha moto ya maharage utajifunza lini?"

Miaka yote ni neno ile ile, toka niolewe hapa Bihambwe. Yeye anaacha yake kwenye moto jioni mupaka asubuhi, anaita ile akili. Mimi kuni kama zile sina. Na kwetu Walikale, chini kule kwenye pori, maharage haikunishinda hata siku moja. Nimechoka kujibu.

Mercredi, tarehe 6

Aibu.

Maji ilichemka, ikaruka ndani ya sufuria, termometre ikasimama kwa 94, tisini na ine. Kitabu inasema mia. Wakaongeza kuni. Ikabaki pale pale. Wakaongeza tena. Tisini na ine. Mwalimu akasema termometre imekufa. Na aliyeishika ni nani? Furaha. Eti aliigongesha kwenye sufuria. Kijana mumoja alisema ameona. Wengine wakasema nao wameona.

Prefe, mukubwa wa shule, amemutoa kwenye kundi la wale wanaorudilia masomo kwa ajili ya egzame, mupaka muzazi alete termometre ingine. Nitaitoa wapi? Hapa haiuzwe pamoja na chumvi.

Furaha hakulia. Alisema tu: "Mama, sikuigongesha." Nikamuuliza tena. Nikamuuliza tena. Kisha nikaona haya.

Vendredi, tarehe 8

Kwenye robine wote wanajua. Mama Espe akanisogezea nafasi, heshima kubwa.

"Mama wa Kwanza, karibu! Leo mutoto amevunja nini?"

Wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa mutoto wa mwengine. Ni kinywa yangu hii. Kama singejisifu, wangemuhurumia.

Wenzake wanarudilia masomo shuleni, yeye anarudilia na mimi shambani. Nilimuambia: egzame ikiuliza maji inachemka kwa ngapi, andika mia. Akasimamisha jembe. "Lakini niliona tisini na ine." Nikamufokea. Andika mia! Macho yako haitatoa egzame! Akachukua bidon, akaenda kuteka maji, na maji ilikuwa imejaa nyumbani.

Niko mubaya. Ninataka apite.

Dimanche, tarehe 10

Sikuenda kanisa. Mwili wote unauma. Baridi ndani ya jua.

Lundi, tarehe 11

Nilijikokota mupaka kituo cha afya. Muganga akanitia termometre kwenye kwapa. Tatu-nane na kitu, ni kusema thelathini na nane. Malaria. Nilikaa kwenye banki ya mbao nikitetemeka, ninaangalia ile kitu yake ndogo, akili ikaanza kutembea polepole. Termometre iliyokufa, inaweza kujua homa yangu?

Shule iko pembeni. Nikaenda na baridi yangu. Mwalimu Safari alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, leta ile maiti yako."

Alidhani malaria imenipanda kichwani. Lakini alikuja, termometre ndani ya nguo yake. Muganga alicheka kwanza, kisha akanitia ya shule kwapa hii, ya kwake kwapa ile, akanishika mabega nisitikisike. Tulingoja. Inje watoto walikuwa wanaimba.

Ya muganga: tatu-nane na kitu. Ya shule: tatu-nane na kitu.

Mwalimu akaisoma, akaifuta kwa shati, wakanirudishia, akaisoma tena. Sijapata kufurahia homa namna hii. Nilitamani ipande kidogo ili waone inafuata.

"Mama Furaha," akasema, "hii iko nzima. Basi maji njo iko mugonjwa?"

Nilimeza dawa, nikarudi nyumbani, nikalala na viatu.

Mardi, tarehe 12

Mwalimu alikuja kwetu mwenyewe, kengele ya shule haijalia. Macho nyekundu. Alikuwa ametafuta ndani ya kayee, daftari zake za zamani, za wakati anasomea ualimu. Alivua kofia. Akamuomba Furaha pardon, Koko amesimama pale, anasikia. Mwalimu kumuomba mutoto pardon, mimi sijaona. Nilimuheshimu zaidi.

Akaeleza. Hewa iko na uzito. Huko chini hewa ni mingi, inakandamiza maji, maji inakawia kuchemka mupaka ifike mia. Huku kwetu juu ya milima hewa ni nyepesi. Inakandamiza kidogo. Maji inaruka mbio, lakini joto yake haifike mia. Ukiongeza kuni, itaruka zaidi, itaisha mbio, joto haipande. Alisema aliisoma hii akiwa kijana, ikamutoka. Kule alikofundisha zamani kulikuwa chini, hakuna aliyeuliza.

Alikuwa hajamaliza, Furaha akasema: "Njo maana maharage inakawia."

Nikatia mukono kwa kinywa.

Miaka yote. Si moto yangu. Si mukono yangu. Si pori yetu. Niliangalia Koko. Koko aliangalia chungu. Nilikuwa na maneno ya kujaza bidon, na sikutoa hata moja. Homa ilikuwa inanishika, na mutoto wangu alikuwa amekwisha kusema.

Kwa sauti kidogo Koko akasema: "Hewa gani hiyo? Mimi ninapika na maji." Kisha: "Mutoto aionyeshe, tuone."

Mwalimu alimuambia Furaha pia jambo la egzame. Kama hawatataja mulima, aandike mia, na aongeze: pembeni ya bahari. Pale hatadanganya, na pointi haitapotea. Furaha aliitika. Bahari kwetu hakuna aliyeiona.

Nimemuomba pardon na mimi. Kwa ajili ya macho yake. Akasema: "Lala, Mama."

Jeudi, tarehe 14

Homa imeshuka. Miguu bado ya uji. Nilichimba viazi kidogo, nikakaa, nikachimba tena.

Furaha amerudi kwenye kundi. Prefe anataka achemushe maji tena, mbele ya wazazi wote, aeleze na kinywa yake. Furaha akasema: itakuwa kwetu, kwa sababu shule haina chungu ya maharage. Mutoto huyu ametoka wapi na kinywa kama hii, sijui.

Mume wangu alipiga simu kutoka Walikale, kule anafanya kazi ya machimbo upande wa Bisie. Nilimuuliza huko maharage inaiva namna gani. "Mbio tu. Umeacha salamu unaniuliza maharage?" Nikamueleza hewa. Akaniambia nirudilie polepole. Kisha akasema: "Mama alikuwa anakutukana bure." Anatafuta gari ya kupanda huku kwetu.

Kwenye robine Mama Espe alinisaidia kutia bidon mugongoni. Kijana wake hajaelewa masse na poids. Nilimuambia amulete, Furaha atamuonyesha. Sikuongeza kitu. Kidogo niongeze.

Jioni nilikuta fungu la kuni mulangoni, kavu, zimefungwa na kamba ya Koko. Yeye alikuwa amekaa kwake, anaangalia upande mwingine. Nimeziingiza ndani, mvua isizipate. Kesho jioni nitatia maharage kwenye moto, mupaka asubuhi, kama yeye anavyofanya.

Furaha amelala juu ya kitabu. Nimemufunika. Nguo yake ya kesho sijaifua, niache, mikono imekataa.

Watakuja wote kwetu kuangalia maji ikichemka: Koko, Mama Espe na kijana wake, Mwalimu na termometre yake, Prefe, na baba ya Furaha kama njia iko muzuri. Samedi, kesho kutwa.