Pini Kumi na Mbili

Jumatano, Keringet. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi natetemeka hata nikiwa kando ya jiko.

Ni siku ya tisa tangu nipasuliwe tumbo kule Nakuru, watoe kidole tumbo. Ngozi imeshikwa na pini kumi na mbili za chuma. Leo nimezihesabu mara nne. Mbili za chini zimezungukwa na wekundu, na panatoka maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Naogopa. Wacha niandike ukweli tu.

Kabla ya kuingia thieta, daktari aliniambia akikuta usaha mwingi ataacha ngozi wazi siku chache, ioshwe kwanza ndio ifungwe. Nikamlilia. Sikutaka kuona tumbo langu wazi. Alikuta usaha kidogo, akanifunga na pini, na nikaona nimeshinda.

Wodini tulikuwa watatu, na tulilinganisha vidonda kama watoto na viatu vya Krismasi. Mama Chebet alishonwa na uzi, laini kama pindo la sketi. Mimi nilijisifu na pini zangu. Wanjiku wa Ndabibi ndiye aliyeachwa wazi. Wakimwosha nilikuwa nageukia ukuta, nikishukuru Mungu si mimi. Naona aibu kuandika hivyo.

Leo saa nne Wanjiku amenipigia simu. Walimfunga siku ya tano, pamekauka vizuri, sasa anapika mwenyewe. Akaniuliza pini zangu zinaendeleaje, nikamwambia ziko sawa.

Nimemdanganya.

Tena kuna lingine. Tangu Jumapili nimekuwa nikijipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe. Hapa kwetu hayo mafuta ni ya kila kitu: midomo ikipasuka, visigino, mikono ya baridi. Nesi wa wodini alikuwa amesema nisipake chochote, na nilimsikia vizuri sana. Lakini nikirudi kwake ningeambiwa pini zitolewe kidonda kiachwe wazi, na hilo ndilo nilikuwa nakimbia.

Saa kumi mzee wangu, Kipkoech, ameingia akitafuta mkebe wa hayo mafuta akakamue. Ameupata chini ya mto wangu. Amenitazama, nami nikainua nguo bila kuulizwa. Amenishika paji la uso vile huwa anashika masikio ya ndama akipima joto.

"Hii hata ng'ombe hatumpaki kwa kidonda," amesema polepole.

Kisha amevaa koti akaenda kuomba jirani pikapu. Ng'ombe hawajakamuliwa, nawasikia wakilia huko nje. Huyu mtu hata siku ya harusi yetu alikamua kwanza. Hapo ndipo nimejua nimeumia kweli.

Nasikia gari ikipanda hapa kwa geti. Nitamwambia nesi yote, na mafuta pia. Wakitaka kuniacha wazi, waniache. Safari hii sitageukia ukuta.