Madoa Meusi kwenye Sumaku

Jumatatu, 6 Machi 2017
Nimeosha chupa za maabara tangu asubuhi, masinki mawili. Sumaku ndogo za kukorogea kemikali nilitakiwa kuziloweka kwenye asidi. Sikuziloweka. Glavu zimetoboka na asidi inaingia kwenye nyufa za vidole. Sumaku nimeziosha kwa sabuni tu. Madoa meusi yamebaki. Eish, nani atatazama.

Alhamisi, 9 Machi
Furaha amefaulu. Ni mwanafunzi, Mkongo wa Lubumbashi, ananiita papa, baba kwa kwao, ingawa mimi ni wa Korogwe. Alinieleza tena, taratibu: dawa nyingi haziundiki mpaka kaboni ishikane na naitrojeni, na hapa wote huzishikisha kwa paladi, madini ghali kupindukia. Yeye katumia shaba. Zimeshikana, tena kwa moto mdogo.
"Shaba ya kwetu, papa. Hii hii ya nyaya."
Kaninunulia magwinya, maandazi ya huku kusini. Nimefurahi kama mzazi.

Jumanne, 14 Machi
Profesa alitaka arudie mbele yake. Wakafungua pakiti ya sumaku mpya. Hakuna kilichoshikana. Wakarudia. Hakuna. Wenzake wanamtania kwamba shaba yake imekata tiketi kurudi Kongo. Profesa hatanii. Anauliza kama matokeo ya kwanza aliyatunga.
Jioni Furaha kaja kwenye sinki. Paladi ya wengine hung'ang'ania kwenye sumaku kama doa jeusi, kasema, na chembe yake tu inatosha kufanya kazi yote. Akaniuliza kama zile za mwanzo niliziloweka.
Nimesema ndiyo.
Akaniomba radhi kwa kuniuliza.

Jumatano, 15 Machi
Mimi ni mwongo na mwoga. Nikisema, msimamizi atanifukuza, na nyumbani wananitegemea. Nisiposema, binti wa watu ataitwa tapeli.

Alhamisi, 16 Machi
Nimesema. Mbele ya profesa, ufagio mkononi. "Sikuziloweka."
Furaha hakunitazama. Alichukua sumaku yenye doa, akaitia kwenye chupa na kila kitu isipokuwa shaba. Jioni kaboni na naitrojeni zilikuwa zimeshikana. Kumbe ni paladi ya kwenye doa; shaba haikufanya lolote.
Profesa kamwomba radhi. Utapeli umefutika. Ugunduzi nao umefutika.
Sijafukuzwa. Kufukuzwa kungekuwa nafuu.

Jumatatu, 20 Machi
Nimekuta glavu mpya juu ya sinki, saizi yangu.
Furaha ameanza upya na shaba, kwa moto mkali zaidi. Alisimama kwenye sinki la pili, akiloweka sumaku zake mwenyewe. Nikanyoosha mkono nimpokee.
"Acha tu, papa."
Tumeosha bega kwa bega mpaka saa ya kutoka. Glavu hazivuji.