Kikao cha Mikeka

Naznin!! Nimetoka kuongea na mama sasa hivi. Nina hasira kweli kweli!

Unakumbuka chekechea yetu ya Montessori pale Shinyanga, mwaka tisini na saba? Sista Tereza alihamishwa bila mzazi hata mmoja kuambiwa. Akaja Mwalimu Tarsisi, akafungia mikeka yetu na shanga za kuhesabia stoo, akaleta madawati na fimbo.

Mama akapita nyumba kwa nyumba, mpaka dukani kwa baba yako. Wazazi thelathini wakaapa: leo lazima atueleze!

Basi Mwalimu Tarsisi akaingia kikaoni, fimbo mkononi. Wakasimama. WOTE, Naznin! Watu wazima na ndevu zao!

"Shikamoo mwalimuuu!"

"Marahaba. Kaeni."

"Asante mwalimuuu!"

Wakakaa. Nani tena angefungua mdomo?

Aliyeuliza mikeka iko wapi ni mmoja tu. Mimi! Miaka mitano, nimepakatwa na mama. Naye akanifinya paja ninyamaze.

Leo ndiyo nimemuuliza, mama, kwa nini lakini?

Akasema, "Niliogopa atanichapa mimi."